Robert Durst hakujenga maghorofa ya New York

Robert Durst, aliyetiwa hatiani mwaka 2021 kwa kumuua rafiki yake, Susan Berman, amezoeleka kuitwa mjenzi tajiri wa New York. Si kweli. Katika miaka ya 1990 baba yake, Seymour, alimpa Douglas, mdogo wake Robert, uongozi wa kampuni ya ukoo ya kujenga maghorofa. Robert akajitoa, na mwaka 2006 akalipwa takriban dola milioni 65 kumaliza madai yake katika mali ya ukoo.

Kazi ya Douglas ndiyo jengo la One Bryant Park, ghorofa refu la New York: usiku, umeme ukiwa nafuu, mitambo hugandisha barafu ya kupozea ofisi mchana. Haki yake isipotee. Tena ndiye aliyetoa ushahidi dhidi ya kaka yake mahakamani, 2021.