Ukiniambia "Mara" hujaniambia kitu

Juzi nimeisikia tena. Nilikuwa kwenye kibanda cha chai pale Kisongo, penye uwanja wa ndege wa Arusha, namalizia chapati kabla ya kuingia zamu yangu ya kuongoza ndege mnarani, na meza ya jirani rubani kijana alikuwa akimpa somo mwenzake aliyetoka chuoni karibuni. "Viwanja vidogo havina shida," akamwambia. "Wewe taja jina tu. Mnara wanajua viwanja vyote." Wakaniona, wakanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikaenda zangu kwa sababu zamu haingoji. Leo sina zamu, kwa hiyo nitalijibu lile somo hapa.

Mnara hatujui viwanja vyote. Hakuna anayevijua. Huku kaskazini kuna viwanja vya hifadhi, vya mashamba, vya kambi za watalii, vya misheni. Kimoja kinafungwa masika udongo ukilowa, kingine kinafyekwa Juni, cha tatu kinabadilishwa jina kambi ikipata mwenyewe mpya. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye kiti hiki na bado nasikia majina mapya kila msimu.

Na hata jina ninalolijua linaweza lisinisaidie. Asubuhi moja, Meru umejifunika wingu hadi miguuni, ndege ya injini moja ikaniita tayari kuondoka. Redioni tunaongea Kiingereza, ila maana yake ilikuwa hii: watu sita, mafuta ya saa nne, naelekea Mara. Nikaandika M-A-R-A kwenye kikaratasi cha safari, kile tunachokisogeza mezani kadiri ndege inavyokwenda, halafu kalamu ikakwama. Mara ipi? Kuna Mkoa wa Mara, na uwanja wake mkubwa ni Musoma, kando ya Ziwa Victoria. Kuna Maasai Mara ya Kenya, na hiyo ni nchi nyingine, anga linaloongozwa na Nairobi, na mambo ya forodha na uhamiaji kabla hujavuka. Nikamuuliza. Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyeulizwa jina la mama yake: "Mara, Serengeti." Alikuwa anakwenda Kogatende, ambako kiwanja kiko karibu na Mto Mara. Abiria wake wanaenda kuona nyumbu wakivuka mto, na kwenye ofisi yao safari hiyo wanaiita "ya Mara". Kwao ni sahihi kabisa. Kwangu ni sehemu tatu tofauti na nchi mbili.

Grumeti nayo ni hivyo hivyo. Ni mto, ni pori la akiba, na ni jina ambalo watu wanakipa kiwanja cha Kirawira na wengine wanalitumia wakimaanisha Sasakwa. Ukisema Manyara, mimi nafikiria uwanja ulio juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, lakini mgeni aliyesoma ramani ya utawala anafikiria Babati. Ukisema Moshi, kuna kiwanja mjini Moshi kabisa, na kuna watu wanaosema Moshi wakimaanisha KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, kwa sababu ndugu zao wa Moshi ndiko wanakowapokea.

Hapo ndipo wengine hukimbilia herufi tatu za kwenye tiketi. Jamani, JRO ya Kilimanjaro ni ya mizigo na tiketi. Kwenye mpango wa safari, ile fomu ya rubani ya kabla ya kuruka, Kilimanjaro ni HTKJ, Arusha ni HTAR, Manyara ni HTLM, Seronera ni HTSN. H ni kanda yetu, T ni Tanzania. Ukiona HK mbele ujue ni Kenya. Na "KIA" tunayoitamka sote tangu utotoni haimo kwenye herufi za tiketi wala za mpango wa safari, ni kifupi chetu cha mtaani. Kiwanja kisicho na herufi nne unaandika ZZZZ kwenye kisanduku cha 16, cha uendako, halafu kwenye cha 18, cha maelezo mengine, unaandika DEST/ na jina pamoja na mahali kilipo. Hilo liko vitabuni, sina la kuongeza, isipokuwa hili: ZZZZ bila DEST/ ni barua isiyo na anwani, na bado zinatufikia.

Ninachotaka kukaa nacho ni hayo maneno "mahali kilipo", maana ndipo vijana wanapoharakisha.

Nikiuliza kiwanja kiko wapi, jibu ninalopewa mara nyingi ni "kaskazini magharibi". Chukua kalamu. Seronera iko maili za baharini kama 120 kutoka Kisongo, Kogatende kama 150, Musoma kama 200. Zote tatu ziko kaskazini magharibi. Tofauti ya mwelekeo kati ya Seronera na Musoma ni digrii sita au saba tu, na katikati yao kuna maili 80. Kwa hiyo uliponiambia kaskazini magharibi umenionyesha nusu ya Serengeti na sehemu ya ziwa.

Afadhali digrii na maili. Lakini hata hapo, pima kutoka wapi? Wengi wanapima kutoka Kisongo kwa sababu ndiko walikosimama. Kumbuka hesabu ya sitini mliyofundishwa: kosa la digrii moja, ukiwa maili 60, linakupeleka pembeni maili moja. Ukiwa maili 150 na umekosea digrii tano, kwa kukadiria au kwa kusikia vibaya, uko maili 12 na nusu pembeni, zaidi ya kilomita 20 za majani na migunga. Sasa pima kutoka sehemu inayojulikana iliyo karibu. Kogatende iko maili hamsini na kitu kutoka Seronera, karibu kaskazini kamili. Sentensi hiyo moja naielewa mimi, anaielewa anayenipokea zamu, na anaielewa rubani mwingine aliye juu ya Serengeti nikimwomba achungulie. Sema hivi: Kogatende, maili 55 kaskazini mwa Seronera. Basi. Sekunde tatu.

Wapo watakaosema siku hizi kila mtu ana GPS, tusomeane namba tu. Kwenye karatasi nakubali, na kanuni inaruhusu: tarakimu nne na S, tarakimu tano na E. Uwanja wetu wa Kisongo ungeandikwa 0322S03638E. Ni safi na haina ubishi. Redioni ni habari nyingine. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini. Nikisikia 32 badala ya 22 nimekuhamisha maili 10 na hakuna sikio litakaloshtuka, kwa sababu namba haina sura. Jina likikosewa linagonga. "Kogatende kusini mwa Seronera" ingenifanya niinue kichwa. Namba iliyokosewa inapita kimya kimya, inaandikwa vizuri kabisa kwa wino wa bluu.

Kwa nini naumia hivi kwa sehemu ambayo si mimi nitakayetua? Kwa sababu mahali ulipotaja ndipo tutakapokutafuta. Watu wanadhani mnara unauliza uendako ili kukuruhusu kuondoka. Kukuruhusu ni dakika moja. Kazi ya jina inaanza ukishapotea kwenye redio. Huko kwenye viwanja vya udongo hakuna mnara wa kunijulisha umetua. Kanuni inasema dakika 30 zikipita baada ya muda uliotarajiwa kufika, na hakuna habari yako, tunaingia awamu ya mashaka; baada yake tahadhari, kisha hatari. Utafutaji unaanza na kidole cha mtu kwenye ramani, na kidole hicho kinafuata kikaratasi changu. Kikiwa kimeandikwa "Mara", kidole kinaenda wapi?

Na hapa niseme jambo ambalo vitabu haviliandiki. Hizo dakika 30 si nyepesi kama zinavyosomeka. Marubani wengi wa safari za hifadhini wanatua, wanapakua mabegi, wanapakia wengine, wanaondoka, na hawafungi mpango wa safari, yaani hawatoi taarifa kwamba wamefika, mpaka warudi hewani. Ukizoea ukimya wa namna hiyo, sikio linaanza kuusamehe. Nimewahi kukaa na simu mkononi dakika ya 31 nikijiambia huyu ni fulani, ndiyo kawaida yake, atasikika sasa hivi. Akasikika. Lakini sijui kama nilikuwa sahihi kusubiri, na sijui nitakapokuwa nimekosea nitajuaje. Ninachojua ni kwamba rubani anayefunga safari yake ananiondolea swali hilo.

Sina uhakika pia na majina ya kambi. Tumefundishwa tusiyatumie, na sababu ni nzuri, kambi huhama. Lakini kuna viwanja ambavyo jina rasmi halimwambii mtu chochote, na jina la kambi kila dereva wa Land Cruiser pale getini analijua. Siku hizi nayapokea yote mawili. Bosi wangu wa zamani angenikemea.

Wanaosema tuwaachie wenye ndege kubwa ukali huu wakumbuke Desemba 2013, Boeing 767 iliyokuwa ikienda Kilimanjaro ilipotua hapa Kisongo, kwenye njia ya kurukia ya mita 1,600 na kidogo badala ya ile ya mita 3,600. Viwanja viwili, kilomita kama 50 kati yao, njia zote zinaelekea 09 na 27. Kama hivyo viwili vyenye minara vinaweza kuchanganywa, vichochoro vya Serengeti je?

La mwisho ni saa. Mpango wa safari unaandikwa kwa saa za kimataifa, redioni hivyo hivyo. Lakini nikikukosa nampigia mlinzi wa kiwanja, na yeye ananijibu kwa Kiswahili: "Imeshatua, mzee, saa nne." Saa nne yake ni saa 10:00 kwenye simu yake na 0700 kwenye kikaratasi changu. Kuna siku niliandika 04 kabla sijafikiri, nikaanza kujiuliza ndege imetuaje kabla haijaondoka. Ukiongea na walinzi, wasisitizie waseme asubuhi au mchana, na wewe ubadilishe mwenyewe.

Namba ya huyo mlinzi iandike kwenye kisanduku cha 18, kwenye RMK/, sehemu ya maoni. Na ujue redio yetu haioni kupitia mlima: ukishashuka nyuma ya nyanda za Ngorongoro, zenye vilele vinavyopita mita 3,000, Kisongo hatukusikii tena. Kiwanja ukishakiona na bado uko juu, niite, au mwombe aliye juu yako aniite: Kogatende nakiona, natua saa fulani, safari nitaifunga kwa simu. Kisha ukishazima injini, piga hiyo simu kabla hujafungua mlango wa mizigo.