Kwa nini tunakula tunachokiona? Maswali na majibu kutoka Mombasa

Maswali haya yametoka kwa akina mama, wenye maduka na wagonjwa wa kisukari wanaohudhuria vikao vya lishe Kisauni na Likoni. Yote yanagusa jambo moja: jinsi vitu vilivyopangwa mbele ya macho yetu vinavyotuamulia tutakachotia mdomoni.

Mwanangu ana miaka minne. Nyumbani hasumbui, lakini tukifika kwa keshia pale supamaketi analilia peremende. Ni utundu, ama nimemdekeza?

Mama, usijilaumu. Siku nyingine ukiwa kwenye foleni, chutama mpaka kichwa chako kilingane na chake. Utaona usichokiona ukiwa umesimama: chokoleti, peremende na vijiyai vya plastiki vyenye zawadi ndani, vimepangwa safu moja mbele ya uso wake, na mkono wake unavifikia. Huku juu kwenye macho yako wameweka betri na nyembe. Aliyepanga hivyo alijua anachofanya. Na foleni inamsimamisha mtoto hapo akiwa amechoka, hana kazi ila kutazama.

Jicho la binadamu halioni kila kitu kwa ukali mmoja. Katikati ya retina pana kidoa kidogo kinachoona vizuri sana, na pembeni yake mambo ni ukungu. Ndiyo maana macho hurukaruka, kama mara tatu kwa sekunde, yakitafuta pa kutua. Yanavutwa na rangi kali, mwanga, kitu kinachosogea, na sura, iwe ya mtu au ya katuni. Mtu mzima anaweza kuvutwa kisha akajizuia. Mtoto wa miaka minne bado, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo inayomwambia mtu "ngoja kwanza" inaendelea kukua mpaka utu uzima. Tena watoto walio chini ya miaka 8 hivi hawaelewi vizuri kwamba tangazo lina nia ya kuwauzia kitu.

Nchi nyingine zimeacha kumtupia mzazi mzigo huu peke yake. Tangu Oktoba 2022, maduka makubwa ya England hayaruhusiwi kuweka vyakula vyenye sukari, mafuta au chumvi nyingi karibu na keshia, mlangoni wala kwenye ncha za rafu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilizitaka serikali ziweke sheria za lazima za kuwakinga watoto na matangazo ya vyakula kama hivyo. Naamini nasi tunastahili kinga hiyo.

Kwa sasa, mpeleke akiwa ameshiba. Mkubaliane kabla hamjaingia kwamba leo mnanunua unga na sabuni tu. Mkifika kwa keshia, mpe yeye kazi ya kutoa vitu kwenye kikapu na kuvipanga. Macho yake yakipata shughuli, vita hupungua.

Je, ile njaa inayonishika nikipita Lighthouse, pale ufukweni Mombasa, jioni ni ya uongo?

Ni ya kweli, ila haikuanzia tumboni. Unamwona mwuzaji akiopoa muhogo kwenye karai, mafuta yanachuruzika, ananyunyiza pilipili na kukamua ndimu, na mate yamekujaa kabla hujagusa mfuko. Mwaka 2012 watafiti wa Munich, Ujerumani, waliwaonyesha vijana wa kiume wenye afya njema picha za vyakula kisha wakawapima damu. Kiwango cha ghrelini, homoni inayoamsha njaa, kilipanda. Hizo zilikuwa picha tu, hazina harufu. Pale ufukweni una picha, harufu, na jirani anayetafuna kando yako. Simu nayo hufanya kazi hiyohiyo usiku kitandani, ukiwa umeshakula na kushiba.

Simwambii mtu asiende Lighthouse. Matembezi ya jioni kando ya bahari ni mazuri kwa moyo na kwa akili. Kula kwanza nyumbani, na mkifika mnunue pakiti moja mgawane.

Mabuyu mekundu yana ladha kuliko yasiyotiwa rangi?

Kama sukari ni ile ile, utamu wa ziada unatoka jichoni. Imejaribiwa mara nyingi: kinywaji cha ladha moja kikitiwa rangi ya tunda jingine, wanywaji wengi hutaja tunda la ile rangi.

Kuhusu usalama wa rangi zenyewe, utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba michanganyiko ya baadhi ya rangi za viwandani pamoja na kihifadhi cha sodiamu benzoeti iliwazidishia baadhi ya watoto utukutu na kukosa utulivu. Tangu 2010, vyakula vyenye rangi hizo vinavyouzwa Umoja wa Ulaya lazima viwe na onyo. Alama za rangi hizo ni E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Pakiti ndogo za mabuyu za mtaani mara nyingi hazina lebo, basi muulize anayeyapika ametia nini. Ukiweza, pika mwenyewe, kwani ubuyu mtupu una vitamini C na hauhitaji kupakwa kitu ili uwe chakula.

Nina duka Changamwe. Friji ya soda niliyopewa na kampuni ndiyo kitu cha kwanza mteja anachokiona. Kweli nawadhuru watu?

Kaka, nakushukuru kwa kuuliza, wengi hawaulizi. Friji ya kioo yenye taa ndani, ikikaa mlangoni, humfanya mtu aliyekuja kununua maji atoke na soda. Chupa ya nusu lita ya kola ya kawaida ina sukari gramu 53 hivi, sawa na vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora mtu mzima asizidishe vijiko 6 kwa siku nzima. Na ukuta wa duka ukiwa umepakwa rangi ya kampuni, jirani anauona kila anapopita. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kitu tunachokiona mara kwa mara tunaanza kukipenda kwa sababu tu tumekizoea.

Huenda makubaliano ya friji yanakubana, na riziki yako naiheshimu. Lakini meza ya mbele ni yako. Weka hapo ndizi, machungwa na maji, usawa wa macho, na bei iandikwe kwa herufi kubwa. Faida ya maji nayo ni faida.

Picha za kutisha kwenye pakiti za sigara zinasaidia?

Zinasaidia, kwa anayeziona. Canada ilianza mwaka 2001, nasi Kenya tulianza mwaka 2016. Tatizo letu ni kwamba vijana wengi hununua sigara moja moja kibandani, ingawa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza. Anayenunua moja haishiki pakiti, na ile picha inabaki kwa mwuzaji.

Kuna rangi zinazotusaidia?

Zipo. Utepe wa kupimia unene wa mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ili kujua kama ana utapiamlo, ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Kijani ni kuanzia sentimita 12.5, manjano ni kati ya 11.5 na 12.5, nyekundu ni chini ya 11.5, na hapo mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Mama asiyejua kusoma anauelewa kama daktari anavyouelewa.

Eti sahani ndogo humfanya mtu ale kidogo?

Ushahidi wake ni dhaifu kuliko unavyotangazwa. Profesa mmoja wa Marekani aliyelivumisha sana wazo hili alifutiwa makala kadhaa, na mwaka 2018 chuo chake kikasema alikiuka maadili ya utafiti. Lililo imara zaidi ni kiasi: tukipakuliwa kingi, tunakula kingi.

Mwanangu, nina kisukari, na nyumbani kwetu tunakula sinia moja. Nitajuaje nimekula kiasi gani?

Shikamoo mzee wangu. Ugumu wa sinia ndio huo, wali hauonekani kupungua mbele yako kwa sababu kila mkono unachota. Na sitaki ujitenge na wanao. Waombe wakupakulie kwenye sahani yako, nawe uketi palepale na wenzako. Nusu ya sahani iwe mboga au kachumbari, robo samaki, kuku au kunde, robo wali. Anza na mboga na samaki, wali uje mwisho, maana utaratibu huo hupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya kula. Dawa usizibadilishe bila kumwona daktari wako, na ukianza kutetemeka, kutoka jasho au kuona kizunguzungu, huenda sukari yako imeshuka mno, kunywa mara moja maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, kisha upime.