Mlowezi si mkoloni aliyechelewa kuondoka

Juzi nimesikia tena kwamba ukoloni wa walowezi Marekani "uliisha" nchi ilipojitangazia uhuru mwaka 1776. Jamani, waliojitangazia uhuru ni walowezi wenyewe!

Maana ya ukoloni wa walowezi ni fupi: wageni wanakuja kukaa moja kwa moja, wanatwaa ardhi, na sheria yao inakuwa juu ya mwenyeji. Kulowea peke yake si kosa. Uhamiaji wa Tanzania humwita mlowezi hata mkulima wa Kirundi aliyezeekea Kigoma bila kibali, naye hajamtawala mtu. Kinachotofautisha ni hati anayokuja nayo mgeni, yaani sheria au amri inayomweka juu ya mwenyeji.

Na hati hizo ni za kale kuliko safari ya Columbus. Mwaka 1366, kwa sheria za Kilkenny, Waingereza waliolowea Ireland walikatazwa kuoana na Waairishi wala kusema lugha yao. Tangu 1402 visiwa vya Kanari, karibu na pwani ya kaskazini-magharibi ya Afrika, vilianza kutwaliwa na Wazungu mikononi mwa Waguanche, wenyeji wake. Mwaka 1452 Papa Nicholas V alimruhusu mfalme wa Ureno kuwashinda "wapagani", kuchukua mali zao na kuwatia utumwani daima. Hati ya 1493, ambayo kwayo Papa Alexander VI aliipa Hispania nchi alizofikia Columbus, ilifuata njia iliyokwisha kulimwa.

Neno linaloniudhi zaidi ni "ugunduzi". Mwaka 1823 Mahakama Kuu ya Marekani, chini ya Jaji Mkuu John Marshall, iliamua kwamba aliyegundua ndiye mwenye milki, na mwenyeji ana haki ya kukaa tu. Yaani mwenye nyumba kageuzwa mpangaji. Mwaka 2005 mahakama hiyohiyo iliitaja kanuni hiyo ilipowakatalia Waoneida, taifa la wenyeji wa Amerika, mamlaka juu ya ardhi ya mababu zao huko New York, ardhi waliyokuwa wameinunua tena kwa pesa zao.

Waoneida ni wa shirikisho la Haudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji, ambao wana mkanda wa shanga wenye mistari miwili ya zambarau: merikebu ya mgeni na mtumbwi wa mwenyeji, sambamba, pasipo mmoja kushika usukani wa mwenzake. Anayefundisha historia hii aanzie kwenye mkanda huo, maana mwenyeji hakugunduliwa. Alipokea mgeni, wakapatana.

Vatikani iliikana kanuni hiyo ya ugunduzi Machi 2023. Hukumu ya 1823 bado haijatenguliwa. Kwa hiyo, ndugu yangu, badala ya "uliisha" sema "upo".