Borough si kitongoji

Shangazi yangu yuko Korogwe. Juzi kijana wetu aliyeko Marekani alimtumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo bibi. Nimehama Philadelphia, siku hizi nakaa kitongoji kimoja kinaitwa Narberth." Shangazi akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo, kisha kwa sauti ya huruma akauliza: "Kitongoji? Na maji mnayafuata wapi, mjukuu wangu?"

Familia nzima ilicheka, ila mimi sikuona kosa la shangazi. Yeye alilisikia neno kwa maana yake. Kwao kitongoji ni nyumba kadhaa, mwenyekiti mmoja na muhuri wake, na bomba lililoahidiwa tangu uchaguzi wa mwaka juzi. Aliyekosea ni mjukuu, na aliyelikoleza kosa ni ndugu mwingine aliyedakia: "Bibi, hiyo ni borough, kama Brooklyn ya New York." Hapo nikaona nikikaa kimya nitaugua.

Maana yenyewe ni fupi. Katika majimbo ya Pennsylvania na New Jersey, borough ni mji mdogo uliosajiliwa kwa sheria ya jimbo. Una mipaka yake, baraza lake la kuchaguliwa, meya wake, kodi zake na sheria ndogo zake. Kinachoufanya uitwe hivyo ni hiyo hadhi ya kisheria. Uwe ubavuni mwa jiji au katikati ya milima ya makaa ya mawe, uwe na watu 40,000 kama State College au watu 5, ni borough tu.

Sasa tuje kwenye kitongoji. Katika serikali za mitaa za Tanzania, kitongoji ni kipande cha kijiji. Kina mwenyekiti, tena mwenyekiti mwenye kazi nyingi, lakini hakiajiri polisi, hakitungi sheria ndogo, wala hakina kodi ya kwake. Ni ngazi ya chini kabisa, ile ambayo ukishuka zaidi unakutana na mlango wa mtu. Watangazaji wetu nao wana kitongoji chao, yaani makazi ya pembezoni mwa jiji. Enzi za ubaguzi wa rangi Soweto ikaitwa kitongoji. Brooklyn ikaitwa kitongoji. Na Wapemba wana Vitongoji yao huko Chake Chake, ambayo ni jina la mahali na haina habari na ugomvi huu. Neno moja limebebeshwa mizigo kama punda wa Lamu, halafu tunashangaa likilala njiani.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba tunalo neno ambalo limepita njia ileile ya borough, hatua kwa hatua, na hakuna anayelikumbuka. Neno hilo ni boma.

Tazama. Waingereza wa kale walikuwa na neno burh, maana yake mahali palipozungushiwa ngome. Katika karne ya 9, mfalme Alfred wa Wessex alijenga na kukarabati burh nyingi ili watu wake wapate pa kukimbilia Wadenmark wanapovamia. Mzizi huohuo ndio ulioacha mkia katika majina kama Hamburg na Edinburgh. Penye ukuta pana usalama, na penye usalama wachuuzi hawakosi. Soko likakua ndani ya ngome, wafalme wakaanza kuyapa makazi hayo hati zenye haki mbalimbali: kuwa na soko, kuwa na mahakama, baadaye kupeleka wawakilishi bungeni. Karne zikapita, kuta zikabomoka au zikachukuliwa mawe yake kujengea mabanda ya ng'ombe, lakini hati zikabaki. Zilibaki hivi kwamba pale Old Sarum, karibu na Salisbury, kulikuwa na kilima kisicho na mji wowote juu yake, na bado kilikuwa na wabunge wawili mpaka sheria ya mwaka 1832 ilipokomesha mchezo huo. Mji umekufa, cheti chake kinapiga kura.

Na boma? Boma ni uzio, wa miti, wa miiba au wa mawe, wa kulinda watu na mifugo. Wajerumani walipoingia Tanganyika walijenga ngome za utawala wao, watu wakaziita maboma. Lile la Mikindani lilijengwa mwaka 1895; ukariri huo mwaka, nitaurudia. Waingereza wakazirithi, na neno likahama kutoka kwenye ukuta likaenda kwa aliyekaa ndani. "Kwenda bomani" ikawa kwenda serikalini, hata kama ofisi yenyewe ni chumba kimoja kisicho na ua. Sudan Kusini wamefika mbali zaidi: huko boma, neno lilelile, ni ngazi rasmi ya chini kabisa ya utawala, chini ya payam. Kutoka uzio hadi serikali, kama burh hadi borough. Sisemi tuwaite watu wa Narberth Wanaboma. Nasema tu kwamba Mswahili hana sababu ya kuliona neno hili geni.

(Kuna na binamu wa Kifaransa. Bourg, ukoo uleule, ulimzaa bourgeois, mtu wa mjini mwenye duka na neno la kusema. Sisi tulipomtaka mtu huyo katika Kiswahili tulimchukua bepari, kutoka kwa Wagujarati, ambako maana yake ni mfanyabiashara. Njia mbili tofauti, na zote zimeishia sokoni.)

Haya, Marekani. Narberth iko nje kidogo ya Philadelphia, treni ya dakika 20 hivi, kwenye reli ambayo vitongoji vyake (hapa neno linafaa, maana nazungumzia makazi ya pembezoni kwa jumla) vilibandikwa majina ya Wales: Bryn Mawr, Narberth na mengine. Kituo chenyewe zamani kiliitwa Elm. Nyumba zikaongezeka kuzunguka kituo, na mwaka 1895, mwaka uleule wa boma la Mikindani, wakazi wakawa borough. Eneo lote ni kama kilomita za mraba 1.3. Kijana wetu anasema alinunua kahawa Haverford Avenue, akakata mji kutoka mpaka hadi mpaka, na alipofika mwisho kikombe kilikuwa bado kinamuunguza vidole. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu watu karibu 4,500.

Narberth imezungukwa pande zote na Lower Merion, ambayo ina watu zaidi ya 63,000. Na Lower Merion, pamoja na ukubwa wake wote, si borough. Ni taunishipu. Hapo ndipo watu wanaodhani maneno haya yanapanda kwa ukubwa, kama kijiji, kata, tarafa, wanapopotea. Pennsylvania haina ardhi isiyo na serikali ya mtaa; isiyo ndani ya jiji wala borough imo ndani ya taunishipu. Taunishipu zilitangulia, zikiwa eneo pana la mashamba. Borough ni kile kipande ambacho wakazi wake walisongamana, wakataka taa za barabarani, njia za miguu na mifereji, wakaona wenye mashamba hawako tayari kuzilipia, wakaomba kujitenga. Kwa hiyo borough nyingi zinakaa ndani ya taunishipu kama kiini ndani ya yai, lakini yai halina mamlaka juu ya kiini. (Kuna hata mji mmoja tu katika jimbo zima, Bloomsburg, ambao kisheria unaitwa "town". Mmoja. Wanajivunia.)

Si kwamba kila kitu wamekitenganisha. Watoto wa Narberth wanasoma katika wilaya ya shule ya Lower Merion, ileile ambayo sekondari yake ilimtoa Kobe Bryant na kuchukua ubingwa wa jimbo wa mpira wa kikapu mwaka 1996. Lakini Narberth ina polisi wake, maktaba yake, wazimamoto wa kujitolea ambao mchana wana kazi nyingine, na bustani ambako tarehe 4 Julai watu hukusanyika kutazama fataki. Meya wa borough katika Pennsylvania si mkubwa wa misafara: anasimamia polisi, anaweza kupinga sheria ndogo, anapiga kura pale baraza linapofungana, na anaruhusiwa kufungisha ndoa. Mambo mengine yote ni ya baraza, na ukitaka kulalamikia kichuguu cha theluji mbele ya nyumba yako unakwenda kikaoni jioni, unakaa kwenye kiti, unasubiri zamu.

Kujitenga huku kuna siku kuligeuka ugonjwa. Katika kaunti ya Bergen, New Jersey, borough 26 zilizaliwa ndani ya mwaka mmoja tu, 1894. Sheria mpya ya shule ilikuwa imeziunganisha shule za kila taunishipu kwenye mfuko mmoja, lakini borough iliruhusiwa kuwa na shule zake. Watu wakapiga hesabu: kwa nini nilipie deni la darasa la watu wa ng'ambo ya mto? Kila penye kituo cha reli na nyumba za kutosha, borough. Mpaka leo kaunti hiyo ina serikali za mitaa 70, na 56 kati yake ni borough. Kule Pennsylvania, mwaka 1977, chama cha Waslovenia cha kusaidiana kiliigeuza kambi yake ya mapumziko kuwa borough ili ipate leseni yake ya pombe. Inaitwa S.N.P.J., herufi za jina la chama, na wakazi wake hawafiki 30. Na borough ya Centralia, jimbo hilohilo, ambako makaa ya mawe yanaungua chini ya ardhi tangu mwaka 1962, sensa ya 2020 ilikuta watu 5. Old Sarum ina ndugu ng'ambo ya bahari.

Sasa huyu wa Brooklyn. Brooklyn ilikuwa jiji kamili mpaka mwaka 1898, ilipounganishwa na New York. Tangu hapo ni borough kwa maana nyingine kabisa: mojawapo ya sehemu tano za jiji moja. Sensa ya mwaka 2020 iliikuta na watu zaidi ya milioni 2.7, na haina meya, haina baraza la kutunga sheria, haiwezi kujipangia kodi. Narberth yenye watu 4,500 inaweza. Kwa hiyo mfano wa Brooklyn ni kinyume cha Narberth: moja ni sehemu iliyokabidhi serikali yake, nyingine ni sehemu iliyojipatia. London nayo ina borough 32 za namna yake, na Alaska imelichukua neno kuita maeneo ambayo kwingine yangeitwa kaunti, mengine mapana kuliko nchi. Nairobi iliposema itakuwa na borough tano, ilifuata mtindo wa New York na London, wa kugawa jiji, si wa Pennsylvania. Sina neno. Ila msinichanganyie shangazi.

Tuiteje basi? Kuliswahilisha kwa sauti ni mtihani. Ukilitamka kama Mwingereza unapata "bara", na bara tunalo tayari. Ukilitamka kama Mmarekani unapata "boro", neno ambalo likiongezwa herufi moja tu mbele halitamkiki penye wakwe. Tuliache lilivyo kwenye anwani, na katika mazungumzo tuseme mji mdogo. Najua, Tanzania tuna Mamlaka ya Mji Mdogo, nayo iko chini ya halmashauri ya wilaya, na kwa Kiingereza cha sheria zetu inaitwa taunishipu, yaani jina la jirani mkubwa wa Narberth badala ya Narberth yenyewe. Hilo ni la kuvumilia. Angalau mji mdogo una serikali ndani yake, na hakuna atakayeuliza habari za kisima.

Kwa hiyo, baba, ukimtumia bibi yako sauti nyingine, mwambie unakaa mji mdogo. Atakuuliza mwenyekiti wenu ni nani. Mjibu kwamba mna meya, na kwamba anafungisha ndoa. Swali litakalofuata unalijua mwenyewe, hilo mimi simo.