Sosholojia si ustawi wa jamii

Kila msimu wa kuomba vyuo, kauli hii hurudi: "Nataka kusoma sosholojia kwa sababu napenda kusaidia watu." Wazazi huisema, walimu huisema, hata baadhi ya waliohitimu shahada yenyewe. Nia ni njema kabisa. Tatizo ni kwamba humwingiza kijana katika darasa asilolitarajia, akaja kushangaa mbona mwaka wa kwanza unakwisha bila kufundishwa namna ya kuketi na familia yenye mgogoro.

Hafundishwi kwa sababu hiyo si kazi ya somo hilo. Sosholojia ni taaluma inayochunguza maisha ya watu katika jamii: makundi, taasisi, matabaka, desturi, na nguvu zinazowafanya maelfu ya watu wasiojuana watende kwa namna inayofanana. Kumhudumia mtoto aliyetelekezwa au mgonjwa asiye na ndugu ni ustawi wa jamii, taaluma nyingine yenye mafunzo yake, maadili yake na mazoezi ya vitendo chini ya msimamizi.

Ninaelewa mkanganyiko ulikotoka, maana taaluma hizi mbili zilikulia karibu karibu. Mwaka 1889, Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House mjini Chicago, nyumba iliyowahudumia wahamiaji maskini wa mtaa ule. Miaka mitatu baadaye, Chuo Kikuu cha Chicago kikaanzisha idara ya sosholojia. Mwaka 1895 wakazi wa Hull House walichapisha ramani za mtaa wao zilizoonyesha, nyumba kwa nyumba, watu walitoka taifa gani na walilipwa kiasi gani kwa wiki. Ule ulikuwa utafiti wa kijamii hasa, na ulifanywa na watu waliokuwa wakitoa huduma mchana kutwa. Lakini ilipofika 1920, chuo hichohicho kilikuwa na shule ya pekee ya kufundisha huduma za jamii, mbali na idara ya sosholojia. Kazi mbili zilikuwa zimepata nyumba mbili.

Zinatofautiana kwa swali. Mtu wa ustawi wa jamii akikutana na asiye na kazi huuliza: huyu anahitaji nini sasa, na nani anaweza kumpatia? Mwanasosholojia huuliza kwa nini wasio na kazi ni wengi kiasi hiki, na kwa nini ni hawa, si wale. Mwanasosholojia wa Marekani C. Wright Mills aliieleza hoja hiyo mwaka 1959: katika mji wa watu 100,000, mmoja akikosa kazi, tazama tabia yake na ujuzi wake; lakini katika nchi yenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, tabia ya mtu mmoja mmoja haielezi chochote. Kabla yake, mwaka 1897, Émile Durkheim wa Ufaransa alichukua jambo linaloonekana kuwa la siri kuliko yote, kujiua, akaonyesha kwamba kiwango chake katika kila nchi hakibadiliki sana mwaka hadi mwaka, na kwamba hutofautiana kwa dini na kwa hali ya ndoa. Takwimu zake zimekosolewa sana tangu hapo. Swali lake halijafa.

Ndiyo maana shahada ya kwanza imejaa mambo ambayo kijana wetu hakuyategemea. Kuna nadharia za waasisi wa somo: Wajerumani Karl Marx na Max Weber, Durkheim, na siku hizi pia Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois, ambaye utafiti wake wa 1899 kuhusu watu weusi wa mji wa Philadelphia ulipuuzwa kwa miongo mingi bila haki. Kuna mbinu za utafiti: sampuli, hojaji, mahojiano, takwimu. Hapo ndipo wengi hutoka jasho, na hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Kisha huja maeneo ya uchunguzi, ambayo mwanafunzi huchagua kadiri anavyoendelea: familia, dini, elimu, kazi, jinsia, uhalifu, afya, miji, uhamiaji.

Matokeo ya utafiti huo huwasaidia watu, tena sana, yakifika kwa watunga sera na kwa maofisa wa ustawi wa jamii wenyewe. Wapo pia wanaoanza na sosholojia kisha wakasomea ustawi wa jamii, na huvuna pande zote mbili. Kwa hiyo kijana anayependa kusaidia watu asivunjwe moyo. Mwambie tu afungue orodha ya masomo kabla ya kujaza fomu. Akikuta nadharia, takwimu na mbinu za utafiti, hiyo ni sosholojia. Akikuta ushauri nasaha, sheria za ulinzi wa mtoto na miezi ya mafunzo kazini, huo ni ustawi wa jamii, na huenda ndio aliokuwa akiutaka tangu mwanzo.