Je, wajua kwa nini pabu za vijijini Uingereza zinageuka migahawa?

Ukiingia leo katika pabu (baa ya jadi) ya kijiji Uingereza, huenda swali la kwanza likawa: "Mmeweka nafasi ya meza?" Zamani kibarua wa shamba aliingia na matope yake miguuni, akaagiza painti moja (mililita 568), akacheza domino hadi kengele ya kufunga. Wengi husema ni watu tu waliobadilika. Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya pipa.

Bia ya asili ya pabu hizi iko hai. Hutoka kiwandani ikiwa na hamira na huendelea kuchachuka ndani ya pipa, kwenye ghala la chini lenye nyuzijoto 11 hadi 13. Pipa lililozoeleka ni la galoni 9, kama lita 41, yaani painti 72. Likifika hulazwa na kukabwa kwa kabari lisitikisike. Kigingi cha mbao laini hugongwa kwenye tundu la juu ili gesi ya ziada itoke. Povu likitulia, huwekwa kigingi kigumu. Husubiriwa saa 24 hadi 48 machicha yatuame, mara nyingi kwa msaada wa gundi laini itokanayo na vibofu vya samaki. Atakayeligusa pipa kwa pupa atauza bia iliyojaa machicha.

Kazi ngumu huanza bomba likifunguliwa. Kila painti inayotoka huacha nafasi, na hewa huingia kuijaza. Isipoingia, bia haitoki, ikiingia, huiharibu. Kwa hiyo mchana kigingi hulegezwa na usiku hukazwa, lakini hata hivyo siku 3 zikipita ladha imefifia na siki inanyemelea. Aliyekulia penye mbege au ulanzi anaijua tabia hii: kinywaji hai hakimngoji mnywaji. Pipa 1 basi linadai painti 24 kila siku, hata Jumanne ya mvua. Ukiweka aina 3, ni painti 72.

Na wanywaji wa Jumanne wamepungua. Trekta zilichukua kazi za vibarua. Mwaka 1967 ikaja sheria ya kipimo cha pumzi kwa madereva, pigo kubwa kwa pabu iliyo maili kadhaa kutoka nyumbani. Julai 2007 sigara zikapigwa marufuku ndani ya pabu za England. Bia ya dukani nayo ni ya bei nafuu zaidi.

Wapo waliokimbilia bia iliyochujwa na kusukumwa kwa gesi, ambayo hudumu wiki kadhaa kwa kuwa hewa haiigusi. Kilichopotea ni ladha ya mahali. Ndiyo maana chama cha CAMRA kilianzishwa mwaka 1971 kuitetea bia ya pipa.

Wengine walifungua jiko. Chakula huleta familia nzima, pamoja na dereva asiyekunywa. Lakini meza zinahitaji nafasi, hivyo ukuta uliotenga chumba cha vibarua na chumba cha wenye nazo ukabomolewa, ubao wa vishale ukaondolewa. Mzee wa painti moja akakosa pa kukaa, na hilo ni hasara ya kweli kwa kijiji.

Mpangaji wa pabu pia mara nyingi hubanwa na mkataba wa kununua bia kwa mwenye jengo, kwa bei ya juu kuliko ya soko. Amri za mwaka 1989 ziliwabana wenye viwanda waliomiliki pabu zaidi ya 2,000, nao wakaziuza kwa kampuni zisizopika bia. Mikataba ile ikaendelea.

Njia nyingine ilionekana Hudswell, Yorkshire Kaskazini. Pabu ya George & Dragon ilipofungwa, wanakijiji walichanga fedha, wakainunua na kuifungua tena mwaka 2010, ikiwa na duka dogo na maktaba ndani yake. Na kwa pabu yenye wateja wachache lipo pipa la nusu, painti 36: wanywaji 12 kwa siku, painti moja moja, wanalimaliza kabla halijaharibika.