‘Kind’ ya wema na ‘kind’ ya aina: undugu wa maneno mawili

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali na Kyaka II nchini Uganda, ambako Kiswahili cha Kongo husikika kila mahali, msaada wa chakula hutolewa kwa njia mbili: fedha za kununulia, au chakula chenyewe, yaani mahindi, maharage na mafuta. Kwa Kiingereza cha mashirika, njia hii ya pili huitwa ‘in kind’. Mtu aliyefundishwa darasani kwamba ‘kind’ ni mwema anaweza kuelewa kuwa chakula kile ni hisani ya mtu, na pengine akaona aibu kuuliza mgao wake ukipungua. Asione aibu. Hapa neno halisemi lolote kuhusu moyo wa mtoaji. Linasema kwamba kitu kimetolewa kama kilivyo, bila kugeuzwa fedha. Ukiwafasiria watu, sema ‘msaada wa vitu’ au ‘chakula chenyewe’, inatosha.

Maana hiyohiyo imo kwenye kodi. Mfanyakazi anayepewa na mwajiri nyumba ya kuishi au gari la matumizi binafsi amepata faida ‘in kind’, na Sheria ya Kodi ya Mapato ya Uganda huihesabu kuwa sehemu ya kipato cha ajira. Anayedhani amepewa zawadi tu atashangaa kuiona kwenye hesabu za kodi. Tena, Kiingereza kikisema mtu alitukanwa akajibu ‘in kind’, wema haumo kabisa: alirudisha lilelile alilopewa. Sisi tungesema jino kwa jino.

Walimu huuliza mara kwa mara jinsi ya kuzitenganisha maana hizi, hasa sasa ambapo Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, kinafundishwa sambamba na Kiingereza kwa watoto wengi zaidi. Kwa upande wa sarufi, kazi si kubwa. Mara nyingi inatosha kutazama kama neno ‘of’ linafuata. ‘That kind man’ ni yule bwana mwema. ‘That kind of man’ ni mtu wa namna ile, na mara nyingi msemaji hamsifu. Neno dogo limegeuza sifa kuwa karibu na lawama. Maana ya wema ni kivumishi, kwa hiyo huongezeka: ‘kinder’, ‘kindest’. Maana ya aina ni nomino, nayo hubadilika katika wingi tu: ‘kinds’. Kwenye mazungumzo, ‘kind of’ huja pia kabla ya kivumishi au kitenzi kupunguza ukali wake. ‘I am kind of tired’ ni nimechoka kidogo hivi.

Kinachostahili muda zaidi ni sababu ya maana hizo kukaa katika neno moja. Haikuwa ajali ya sauti. Katika Kiingereza cha Kale palikuwa na nomino ‘gecynd’, iliyomaanisha maumbile au uzawa, na karibu yake ‘cynn’, yaani ukoo, ambayo leo ni ‘kin’. Viumbe waliozaliwa na asili moja walikuwa ‘kind’ moja, na kutoka hapo neno likaenea hadi kwa aina ya kitu chochote. Kivumishi chake kilimaanisha kilicho cha asili, alichozaliwa nacho mtu. Kufikia karne ya 13 na ya 14 kilikwisha kuchukua maana ya kumtendea mwenzako kama inavyompasa ndugu wa damu, na baadaye kikafika kwa yeyote mwenye huruma. Ndiyo maana ‘unkind’ ya zamani ilikuwa nzito kuliko ya leo: ilimtaja mtu aliyekwenda kinyume cha maumbile, kwa mfano mtoto aliyewatupa wazazi wake.

Kilatini kilipita njia hiyohiyo. Kutoka ‘genus’ na ‘gens’, maneno ya uzawa na ukoo, Kiingereza kilipata ‘generous’, yaani mkarimu, na ‘gentle’, yaani mpole. Na mzizi wa mbali wa ‘genus’ ndio huohuo wa ‘kind’: mzizi wa kuzaa. Kijerumani nacho kimebaki na ‘Kind’ kwa maana ya mtoto, ndiyo iliyomo katika jina kindagateni alilolibuni Friedrich Fröbel mwaka 1840, yaani bustani ya watoto, jina linaloonekana leo kwenye mageti ya shule nyingi za Kampala.

Msomaji wa Uganda ana njia fupi ya kulielewa hili, nami ningependa walimu waitumie bila kusita. Katika Luganda, ‘ekika’ ni ukoo: Ngeye, Mamba, Nsenene. Na ‘ekika’ ni aina pia. Muulize mwuza matooke ‘kika ki?’ naye atakujibu kibuzi au nakitembe. Muulize Muganda swali hilohilo kuhusu yeye mwenyewe, atakutajia ukoo wake. Mtoto anayejua Luganda hana haja ya kukaririshwa jambo analolisema kila siku nyumbani kwao. Wema Luganda imeupa jina jingine, ‘ekisa’. Hapo ndipo Kiingereza kilipoongeza hatua ya tatu: kutoka ukoo na aina hadi wema.

Kiswahili pia kina jamaa humo. Neno jinsi, pamoja na jamaa yake jinsia, limetujia kwa Kiarabu ‘jins’, nacho Kiarabu kililipata kutoka ‘genos’ ya Kigiriki, yenye mzizi uleule wa kuzaa. Kwa hiyo ‘jinsi’ yetu na ‘kind’ yao ni ndugu wa mbali. Ila kwa wema tumeshika njia nyingine: tunasema utu, Waganda, mbali na ‘ekisa’, wanasema pia obuntubulamu, na utu na obuntubulamu yote mawili yamejengwa juu ya mtu, awe wa ukoo wowote. Mimi naona hazina kubwa hapa. Mwanafunzi akilinganisha Kiingereza kilichoanzia kwa ndugu wa damu na lugha zake zilizoanzia kwa mtu yeyote, atajifunza mengi kuliko kwa kukariri orodha ya msamiati.

Limebaki ‘kindly’, ambalo ofisi za Uganda hulitumia kupita kiasi. Barua ikianza na ‘kindly’ kisha kitenzi, hilo ni agizo lililovaa adabu. Anayepokea kutoka ofisi ya wilaya barua ya namna hiyo yenye tarehe ya mwisho ajue anatakiwa kutekeleza kufikia siku hiyo. Mfasiri aandike ‘tafadhali’, kisha aiweke tarehe karibu na kitenzi mahali isipoweza kupotea machoni.